Funza haanzii mguuni

Jioni kwa bibi ilikuwa na utaratibu wake. Kuku wakishaingia tunduni na mbuzi wakishafungiwa chumba cha pembeni, sisi wajukuu tulipangwa barazani, mdogo mbele, mkubwa nyuma. Bibi alikaa kwenye kigoda, koroboi ubavuni, mwiba wa mchungwa mkononi. Unampa mguu. Anaukamata kwa kifundo, anaulaza juu ya goti lake, anatanua vidole kimoja kimoja akitafuta kidoa cheusi kilichozungukwa na duara jeupe. Akikiona hasemi kitu. Mwiba unazunguka pembeni mwa lile duara, taratibu, ngozi inaachia, na kifuko cheupe kama mbaazi kinatoka kizima au kinapasuka. Kikitoka kizima alikitupa kwenye makaa, kikalia pa! nasi tukacheka. Kikipasuka alikunja uso, maana alijua kesho kutakuwa na usaha. Tone la mafuta ya taa kidondani, mwiba unafutwa kwenye kanga, anaitwa anayefuata.

Hiyo ni Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye vilima vinavyopakana na Burundi. Nimekua, nimehama, nimevaa viatu kila siku kwa miaka mingi, lakini ukucha wa kidole changu kidogo cha kushoto haujawahi kuota sawa tangu wakati ule. Kila ninapoukata nakumbuka jambo moja ambalo halikumshangaza yeyote pale barazani: sikumbuki jioni hata moja ambayo bibi alikosa cha kutoa. Tulitolewa jana, tukatolewa leo, na kesho tulipanga foleni tena. Mikono ya bibi haikuwa na kasoro, wala macho yake. Ila alikuwa akichota maji kwenye mtumbwi uliotoboka, na tundu hakuna aliyeliona.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya wilayani humohumo Kasulu. Zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliochunguzwa walikuwa na funza miguuni. Nilipoisoma takwimu ile sikushtuka kwa wingi wake. Nilishtuka kwa tarehe. Mimi nilidhani habari hii ilizikwa pamoja na bibi.

Basi tuanze na mdudu mwenyewe, kwa sababu mengi tunayoyaamini juu yake si kweli. Funza wa miguuni si mnyoo wala buu, ingawa jina amelichangia na yule buu wa kwenye mahindi na mapera. Ni kiroboto. Wataalamu humwita Tunga penetrans, na ni mmoja wa viroboto wadogo kabisa wanaojulikana: urefu wake ni kama milimita moja. Wapo wanaomwita tekenya, na jina hilo linaeleza vizuri namna anavyojitambulisha, kwa mtekenyo mtamu unaomfanya mtoto asugue mguu kwenye ukuta huku amefumba macho. Waganda husema envunza, Wanyarwanda na Warundi amavunja, Wakikuyu ndutu. Ukivuka mpaka wowote wa Afrika Mashariki utamkuta na jina la nyumbani, kana kwamba amezaliwa hapo.

Dume na jike wote hunyonya damu, lakini jike ndiye anayehamia. Hujichimbia ngozini kwa kichwa, akaacha nje ncha ya nyuma tu, na hicho ndicho kile kidoa cheusi alichokuwa akikitafuta bibi. Kupitia kitundu hicho kimoja anavuta hewa, anatoa choo, anampokea dume na anataga mayai. Akishatulia, tumbo lake linaanza kuvimba, na kwa muda wa wiki moja au mbili punje ya ulezi imekuwa mbaazi. Ngozi inamzunguka, inakazana, inauma. Atataga mamia ya mayai, nayo yatapukutika kidogo kidogo mwenye mguu anapotembea, anapokaa kula, anapojigeuza kitandani usiku. Baada ya wiki nne hadi sita tangu aingie, funza yule hufia humohumo, na ngozi humsukuma nje polepole pamoja na magamba yake.

Sasa fuata yale mayai. Hayaanguliwi mwilini mwa mtu. Huangukia kwenye vumbi la sakafu, na baada ya siku tatu au nne hutoka mabuu wanaokula takataka ndogondogo zilizochanganyika na udongo: vipande vya ngozi, makombo, unga wa samadi. Huko huko chini hujisokotea vifuko, na baada ya wiki tatu hivi tangu yai lianguke, kiroboto mpya yuko tayari. Haruki mbali. Kimo chake ni cha kifundo cha mguu wa mtu, ndiyo maana kwa wengi hukaa vidoleni, kisiginoni na kwenye nyayo. Ila mtoto anayetambaa, mzee asiyeinuka mkekani na mgonjwa aliyelala chini humpata hata viganjani, viwikoni na makalioni.

Utoto wote wa funza, basi, hupita sakafuni. Mguuni anakuja kuzaa tu. Sisi tulikuwa tukipambana naye mahali anapomalizia safari, huku tumelala usiku kucha juu ya mahali anapoianzia.

Na safari yenyewe ni ndefu kuliko tunavyodhani. Funza si mwenyeji wa bara hili. Kwao ni Marekani ya Kati na Kusini pamoja na visiwa vya Karibi, ambako mabaharia wa Columbus walionja makali yake, na mwaka 1526 Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo alikuwa ameshamweleza kwa maandishi. Kwa zaidi ya miaka 300 bahari ya Atlantiki ilitukinga. Kisha, Septemba 1872, meli ya Uingereza iitwayo Thomas Mitchell ikatia nanga Ambriz, kwenye pwani ya Angola, ikitokea Rio de Janeiro. Tumboni ilibeba mchanga wa farumi, ule mzigo unaotiwa ili meli tupu isiyumbe. Mchanga ukamwagwa ufukweni. Mabaharia waliokuwa na funza miguuni nao wakashuka. Mizigo ya siku moja ya bandari, na leo mtoto wa Kasulu anapanga foleni kwa bibi yake.

Kutoka Ambriz alisafiri kama walivyosafiri watu: kwa miguu. Alipanda pamoja na askari, wafanyabiashara na wapagazi kufuata mto Kongo na njia za misafara. Wanahistoria wa tiba hutaja pia msafara wa Henry Morton Stanley wa 1887 hadi 1889, uliokata misitu ya Kongo kuja upande wetu ukiwa na mamia ya wapagazi waliochukuliwa Zanzibar. Nawafikiria mara nyingi watu wale. Majina yao hayapo vitabuni, mabegani wana mizigo ya wengine, na kwenye nyayo zao wamebeba mgeni ambaye hawakuwa na dawa yake wala jina lake. Miaka ya 1890 wasafiri wa Kizungu waliopita pande za Ziwa Victoria waliandika kuhusu vijiji vilivyokumbwa na njaa kwa sababu watu waliharibika miguu kwa funza wakashindwa kwenda shambani kuvuna. Kufika mwisho wa karne hiyo alikuwa ameshaigusa bahari ya Hindi, na Madagaska nayo imempokea. Bara zima, upana wake wote, kwa miaka isiyofika 30.

Lakini watu peke yao wasingetosha kumtunza. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo lilipo lile tundu la mtumbwi.

Funza hachagui damu. Humwingia mtu, na humwingia mnyama vilevile, akavimba vilevile na kutaga vilevile. Katika mitaa ya maskini ya Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazili, watafiti walimkuta kwa mbwa, paka na panya. Nigeria na Uganda walimkuta zaidi kwa nguruwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 na Francis Mutebi wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzake, katika vijiji vya wilaya ya Bugiri, Busoga, uliwapekua wanyama wa nyumbani mmoja mmoja. Zaidi ya nusu ya nguruwe walikuwa na funza. Mbwa walifuata, kisha mbuzi. Na penye nguruwe wenye funza wengi, watu wa hapo nao walikuwa na wengi.

Mfugaji akiuliza funza wanakaa wapi kwa nguruwe, mwambie atazame pale ukucha unapokutana na ngozi, na katikati ya kwato. Ngozi huwa imevimba, imepasuka, wakati mwingine kwato yenyewe imelegea. Nguruwe anayelala badala ya kusimama kula, anayetembea kana kwamba ardhi ina moto, huyo usimsingizie uvivu. Wengine huwa nao kwenye pua, kwenye korodani, kwenye chuchu. Mwaka 1976 daktari wa mifugo aliyefanya kazi Zaire, Kongo ya leo, aliandika kuhusu nguruwe majike walioshindwa kutoa maziwa kwa sababu chuchu zao zilijaa funza hadi matundu yakaziba. Kifungua mimba cha umaskini ni hicho: vitoto vya nguruwe vinakufa kwa njaa ubavuni mwa mama yao, ada ya shule inakufa navyo, na mayai ya funza yanaendelea kupukutika bandani.

Mbwa hakaguliwi kabisa. Kwetu mbwa ni mlinzi, haingii ndani, lakini kitanda chake ni kizingiti cha mlango, pale ambapo kila mguu wa nyumba ile lazima ukanyage. Funza wa mbwa hukaa kwenye vile vimto laini vya nyayo zake. Yeye hujilamba na kujitafuna, watu wakadhani ana kichaa au viroboto wa kawaida. Pwani kaya nyingi hazifugi nguruwe, lakini mbwa, paka na mbuzi wanatosha. Na panya hahitaji kualikwa na mtu yeyote. Anaingia ghalani, anapita chini ya kitanda, anaacha alichobeba.

Miaka yote ile ya foleni barazani, mbwa wa bibi alilala hatua tatu kutoka kwetu akijilamba mguu. Hakuna aliyemshika mguu akautazama.

Badala yake tulitazamana sisi kwa sisi. Funza ni ugonjwa wa ngozi, lakini kidonda chake kirefu kuliko vyote kiko kwenye heshima ya mtu. Mwenye funza huambiwa mchafu, mvivu, mlevi, mtu aliyelogwa, mtu wa ukoo fulani. Darasani kwetu alikuwapo kijana niliyekaa naye dawati moja. Alikuja pekupeku. Siku moja mwalimu alimwamuru asimame juu ya dawati, darasa zima lione miguu yake, kisha akamhamishia nyuma peke yake karibu na mlango. Alivumilia muhula mmoja. Baada ya likizo hakurudi, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anachunga mbuzi wa watu, akitembea kwa visigino. Mimi nilikuwa na funza kama yeye, pengine nimemzidi. Tofauti yetu ilikuwa raba zangu za bluu. Nilinyamaza ndani ya raba zile, na mpaka leo ukimya ule unanisuta.

Si kwamba usafi hauna maana. Una maana kubwa, na nitaufikia. Lakini mtoto anayelala juu ya udongo mkavu wenye mabuu hawezi kunawa mpaka udongo uwe saruji. Kumwita mchafu ni kumtwika lawama ya sakafu ambayo hakuijenga.

Aibu huleta siri, na siri huleta pini. Watu hujitoa funza gizani kwa pini ya nguo, wembe, mwiba, msumari, na kifaa kilekile hupita mguu hadi mguu. Bibi aliufuta mwiba kwenye kanga akiamini ameusafisha. Damu ya mmoja inaweza kupeleka kwa mwingine virusi vya homa ya ini au VVU, na kidonda kilichofunguliwa kwa mwiba na kukanyagishwa vumbi la zizini ni mlango wa pepopunda. Kifuko kikipasukia ndani, mabaki yake huoza na mguu mzima ukavimba. Oktoba 2010, huko Busoga, zilitoka taarifa za vifo vya watu wasiopungua 20 vilivyohusishwa na funza. Watu wazima, wenye majina na familia, wameuawa na kiroboto wa milimita moja pamoja na yale aliyoyafungulia mlango.

Kuna njia nyingine, na kwangu hii ndiyo habari njema ambayo ningetamani iingie kila zahanati. Kumbuka kile kitundu kimoja cha kuvutia hewa. Dimetikoni ni mafuta mepesi ya silikoni yanayouzwa sehemu nyingi duniani kama dawa ya chawa. Hayana sumu ya kuua mdudu. Yakidondoshwa juu ya kidoa cheusi, hutambaa yenyewe yakaingia kitunduni na kuziba njia za hewa, na funza akafa kwa kukosa pumzi. Halafu anakauka na kutoka na magamba. Hakuna pini, hakuna damu, mtoto halii.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilifanyika Gatundu, katikati ya Kenya, kwa utaratibu ninaoupenda kwa usahihi wake: mtoto yuleyule, mguu mmoja ulipakwa dimetikoni, wa pili ukaloweshwa kwenye pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau inayotumika kwenye kampeni nyingi za kuosha watu miguu. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza wa mguu wa dimetikoni walikuwa wamekufa. Kwenye mguu wa zambarau walikufa asilimia 39. Tumepiga picha nyingi sana za wakubwa wakiinama kuosha miguu ya watoto kwenye mabeseni ya zambarau, na nia ilikuwa njema, lakini zaidi ya nusu ya funza walitoka kwenye beseni wakiwa hai.

Tatizo ni kupatikana na bei. Dimetikoni haijafika vijijini kwa wingi, na anayeihitaji ndiye asiye na nauli ya kuifuata. Watafiti walifanya jaribio lingine katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, la mafuta ya mbegu za mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, vitu ambavyo mtu wa pwani hahitaji kuagiza ng'ambo. Matokeo hayakuwa ya muujiza, lakini watoto waliopakwa walipata nafuu ya uvimbe na maumivu. Kwa kijiji ambacho mbadala wake ni pini ya kuazimana, hiyo si nafuu ndogo.

Na viatu? Kila mfadhili hupenda kugawa viatu. Huko Madagaska watu waligawanywa makundi: wengine wakapewa viatu vya kufunika, wengine wakapakwa miguu asubuhi na jioni mafuta ya mimea yenye nazi yanayofukuza funza, wengine wakabaki kama walivyo. Waliopaka mafuta karibu waliponyoka kabisa kushambuliwa upya. Waliopewa viatu walipata nafuu kidogo tu. Sababu anaijua yeyote aliyeishi nyumba ya udongo: viatu vipya havivaliwi kila siku, na hata anayevivaa huvivua mlangoni. Hakuna anayelala na viatu. Funza anamsubiri ndani.

Ndiyo maana siachi kuitaja sakafu. Sakafu ikiwa ngumu, haina nyufa wala vumbi, buu hana pa kujificha. Saruji ndiyo jibu la haraka, lakini mfuko wa saruji ni chakula cha siku kadhaa. Nchini Rwanda kampuni iitwayo EarthEnable hutengeneza sakafu za udongo, kokoto na mchanga ulioshindiliwa vizuri, kisha zikapakwa mafuta maalumu yanayoganda juu kama ngozi ngumu inayofagilika na kupigwa deki, kwa gharama ndogo kuliko saruji. Mama zetu walikuwa na elimu inayokaribiana na hiyo. Bibi alikandika sakafu kila Jumamosi, akainyunyizia maji kabla ya kufagia, na nakumbuka wakati wa mvua, udongo ukiwa na unyevu, foleni yetu ilikuwa fupi. Kiangazi kilipokausha kila kitu ikarefuka. Alichokuwa akikifanya kilikuwa sahihi. Kilikosa tu wenzake: kunawa miguu kwa sabuni kila jioni kabla ya kulala, kuwatoa mbuzi kwenye chumba kinachogusana na cha watoto, kuwatibu wanyama siku ileile watu wanapotibiwa.

Hilo la siku ileile ndilo wataalamu wa Uganda wamelifanyia kazi. Katika vijiji vya wilaya ya Napak, Karamoja, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na funza mradi ulipoanza mwaka 2021. Wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa hapohapo wanaojua kila boma, walipita mara kwa mara na dimetikoni, wakitibu watu na mifugo kwa pamoja. Maambukizi yakashuka sana. Kwa nguruwe, timu ya Mutebi ilikuwa imeshaonyesha kwamba hata dawa ya kupuliza vidonda vya mifugo yenye viua wadudu, ile ya zambarau ambayo wafugaji wengi wanaijua, inawaua funza kwenye kwato. Dawa hiyo ni ya mnyama na si ya mtoto, nalisisitiza hilo.

Funza hayuko peke yake katika kuhama kutoka kwa mnyama hadi kwenye ngozi yetu. Yupo mnyoo wa safura wa mbwa na paka, ambaye mabuu yake hungoja kwenye mchanga wenye kinyesi, ufukweni au kwenye uwanja wa watoto. Akiingia mguu wa mtu hupotea njia, maana mwili huu si wake, akabaki kuzunguka chini ya ngozi akichora mstari mwekundu wenye kuwasha kama njia ya konokono. Dawa ya kumeza, albendazoli au ivermektini, humaliza. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zilizoanikwa kivulini, mabuu wake wakazusha majipu kwa mbwa, panya na watu, na huyo ndiye sababu ya mama kukupigia pasi hata nguo za ndani. Upele wa mbwa nao huwasha mkono unaompapasa. Kila mmoja ana hadithi yake, lakini hakuna kati yao anayemvunja mtu moyo kama funza, wala anayemtoa mtoto darasani.

Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na magonjwa mengine ya wadudu wa ngozini kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Miaka 145 baada ya ule mchanga wa Ambriz. Kuingia kwenye orodha kumesaidia, lakini mtu wa afya wilayani bado ana fungu lake la bajeti na mtu wa mifugo ana lake, na mbwa wa mlangoni hayumo katika fungu la yeyote. Daktari anatibu mguu wa mtoto bila kuuliza habari za banda. Bwana mifugo anachanja ng'ombe bila kutazama miguu ya anayewachunga. Wakipanda pikipiki moja, wafike boma moja, asubuhi moja, gharama haiongezeki sana.

Mwaka jana nilirudi Kasulu kumsalimia mama mdogo, ambaye sasa ndiye anayeishi kwenye kiwanja cha bibi. Nyumba ina bati, lakini sakafu ni ileile. Jioni, baada ya shikamoo na ugali, alimwita mjukuu wake wa miaka sita, akamlaza miguu gotini, akachomoa pini kwenye pindo la kanga.

"Mama, subiri kwanza," nikamwambia. "Mbwa wenu analala wapi?"

"Anakaa wapi tena mbwa? Si hapo mlangoni."

Mkobani nilikuwa na chupa ya dimetikoni niliyoitafuta katika maduka ya dawa matatu mjini. Tulianza na mtoto. Tukamnawisha kwa sabuni, tukamkausha, tukadondosha mafuta kidoa kwa kidoa, naye akakaa amekaza meno akingoja maumivu ambayo hayakuja. Kisha nikamwomba mtoto amwite mbwa. Akamkumbatia shingoni asinigeukie, nami nikauinua mguu wa mbele, nikaumulika kwa tochi ya simu. Kati ya vile vimto vya nyayo nilihesabu tisa. Mguu wa pili nikaacha kuhesabu.

Mama mdogo aliinama akatazama kwa muda mrefu. Pini ilikuwa bado mkononi mwake. "Maskini," akasema, "na mimi namfukuza kwa fimbo kwamba anachechemea makusudi."

Akairudisha pini kwenye pindo la kanga, akashika tochi ili mimi nifanye kazi kwa mikono miwili. Tulipomaliza mguu wa nne, yule mtoto akauliza kama mbuzi nao wana mahali pa kutazamwa. Tukachukua chupa, tukaenda chumba cha pembeni.